Kwangu Inafanya Kazi

Tartu, Januari, saa kumi alasiri na taa za barabarani zimeshawaka.
Mto Emajõgi umeganda; bata wamebanana
kwenye kidimbwi kimoja kilichosalia chini ya daraja.
Mimi niko ghorofa ya tatu, supu ya njegere imepoa,
nasoma malalamiko.

Elfu mbili mia sita na kumi na nne, yote foleni.
Huyu anataka weusi wa usiku wetu ukolee zaidi.
Huyu anasema weusi huohuo unamuumiza kichwa.
Zbyszko wa Gdańsk ameandika neno moja tu, "Imevunjika,"
hakusema nini, hakusema wapi,
kama mtu aliyepigia zimamoto, akalia "Moto!", akakata simu.
Kijana wa Daegu ameleta pendekezo la kurasa kumi na moja,
lenye michoro, lenye jibu kwa kila pingamizi,
na salamu kwa mama yangu.
Mwingine anauliza kwa nini nukta mbili na mabano yake
zinageuka kuwa uso unaotabasamu:
yeye kaandika msimbo, sisi tunamchekea.

Miaka kumi na sita ya kazi hii.
Najua kusema "asante kwa taarifa" bila kushukuru.
Kuuliza si ujinga, sawa,
lakini hakuna aliyetuonya kwamba kujibu ni uchovu.

Wiki iliyopita daktari wa macho, pale Mtaa wa Riia,
alinishusha mstari kwa mstari hadi nikaanza kubahatisha.
"Hamsini na mbili," akasema, "ndio umri wake."
Nikarudi, nikakuza maandishi maradufu,
na kitufe cha kutuma kikatoweka.

Hakikufifia. Kilidondoka nje ya ukurasa,
chini kulia, pasipofikiwa na kishale.
Nikavuta, nikasukuma, nikakitukana kwa Kiestonia,
lugha yenye njia kumi na nne za kukunja jina,
nisipate hata moja ya kukitosha.

Ndipo nikapekua yaliyofungwa zamani.
Kasoro namba mia nne na saba. Miaka tisa.
Evaldas, Panevėžys, fundi simu mstaafu,
anajifunza kuandika programu na miaka yake sitini na minane.
Alieleza yote: upana wa skrini, ukubwa wa herufi,
alichobonyeza, alichotarajia, alichokiona.
Akaambatanisha picha, akazungushia kwa wekundu
mahali ambapo kitufe hakipo.
Duara la mkono unaotetemeka, na ndani yake hamna kitu.

Chini yake jibu. Jina langu, Maarika Lepasaar, saa na dakika:
"Kwangu inafanya kazi."
Nikafunga. Sekunde arobaini tangu kuipokea.

Na kweli kwangu ilifanya kazi.
Macho yangu yalikuwa na miaka arobaini na mitatu.
Sikudanganya; afadhali ningedanganya.

Aliandika tena mwaka uliofuata: "Samahani kusumbua. Bado."
Na wa tatu: "Nimepata njia.
Bonyeza Tab mara kumi na tisa, halafu Enter.
Naiacha hapa, huenda ikamfaa mtu."
Baada ya hapo, kimya.

Kurekebisha kulihitaji mstari mmoja.
Mmoja! Supu ingekuwa bado inatoa mvuke.
Ila marekebisho hayatafika kwenye skrini yangu hadi kesho alfajiri,
nami nataka kumjibu leo, kama bado yuko wa kujibiwa.

Nikaandika: Evaldas, ulikuwa sahihi. Nikafuta;
hilo alilijua.
Nikaandika: Samahani kwa kuchelewa. Nikafuta;
treni ndiyo huchelewa.
Nikaandika: Kwangu pia haifanyi kazi.

Kisha nikaweka kidole kwenye Tab, nikaanza kuhesabu.
Kwenye kumi na mbili nikapoteza hesabu,
nikarudi mwanzo.